Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mafunzo ya Kuanza Kazi kwa Wauzaji Wapya, Nakuru, Kisumu na Magharibi

Kazi yangu ni kuwapokea wauzaji wapya wa bidhaa za matumizi ya nyumbani: unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, viberiti. Kila kundi linalokuja huniuliza yale yale, mengine kwa sauti darasani, mengine kwa kuninong'oneza tukiwa tumesimama nje ya stoo. Nimeyaweka yote hapa, hasa yale ya kunong'onezwa.

## Kabla ya kuripoti

Mafunzo ni ya siku ngapi?

Siku kumi na mbili za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi kwa wiki mbili. Siku tatu za mwanzo mnakaa ndani. Saba zinazofuata unatembea na mwenyeji, yaani muuzaji wa zamani mwenye ruti yake, mzunguko wa maduka anayoyahudumia. Mbili za mwisho unauza mwenyewe huku supavaiza akiwa nyuma yako amenyamaza.

Wengi hulalamika kwamba siku tatu za darasani ni chache. Zamani zilikuwa sita. Watu walitoka wakijua majina ya bidhaa zote na rangi za pakiti, lakini ukiwapeleka Kondele hawajui wasimame wapi mbele ya duka. Tukapunguza, na sijajuta.

Nije na nini siku ya kwanza?

Kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), namba yako ya NSSF (hifadhi ya jamii) na ya SHA (bima ya afya), na cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi). Cheti hicho huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, kisha unachukuliwa alama za vidole. Huduma Centre ya Nakuru na ya Kisumu zote zinafanya kazi hiyo. Kama bado hakijatoka, njoo na risiti ya malipo. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Usije na laini ya dada yako.

Viatu viwe vya kufunika, bila kisigino, na visiwe vipya kabisa. Ukipangiwa Molo au Elburgon beba jaketi, kwani asubuhi ya huko haina utani. Ukipangiwa Kakamega, mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, kwa hiyo karatasi zako ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla hujatoka.

Nimepigiwa simu nimeambiwa nimepata kazi ya mauzo, ila nitume pesa ya mafunzo na sare kwanza. Nitume?

Usitume. Kazi ya kweli ya mauzo haianzi kwa wewe kuuziwa mafunzo. Hao wanaoomba 1,500 ya "faili" au 3,000 ya "sare" wana ofisi ya kukodi kwa wiki moja, na ukirudi wiki ya pili unakuta mlango umefungwa. Hapa hatuombi hata shilingi, na mtu akikuomba kwa jina letu, piga simu ofisini uulize.

Sijawahi kuuza chochote, na mimi si msemaji. Nitaiweza?

Miongoni mwa wauzaji wetu bora ruti za Nakuru, mmoja ni mpole hadi wateja humwambia aongeze sauti. Ninachoweza kumfundisha mtu ni hesabu, rafu na karatasi. Nisichoweza kumfundisha kwa wiki mbili ni kutimiza alichoahidi. Mwenye maneno mengi ndiye hunipa kazi zaidi, maana huahidi mbele ya kila duka, na mimi ndiye hupigiwa simu baadaye.

## Mkataba, mshahara na makato

Nalipwa wakati wa mafunzo?

Ndiyo, kuanzia siku ya kwanza. Nauli ya kazini na pesa ya chakula cha mchana hutolewa kila asubuhi wakati wa kutembea na mwenyeji. Pesa ya mchana si kubwa. Itakutosha wali na maharagwe kibandani, na ukitaka samaki utajiongezea.

Kipindi cha majaribio ni kirefu kiasi gani? Naweza kufutwa tu ghafla?

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine iwapo wewe mwenyewe umekubali. Sisi tumeweka mitatu. Katika kipindi hicho upande wowote ukitaka kuvunja mkataba hutoa notisi isiyopungua siku saba, au mwajiri akulipe mshahara wa siku saba.

Mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Usome. Nasema hivi kwa sababu kila kundi lina mtu anayetia sahihi ukurasa wa mwisho akiwa amesimama, begi bado begani.

Mbona pesa iliyoingia ni pungufu ya niliyoambiwa?

Kwa sababu uliyoambiwa ni mshahara kabla ya makato. Tuchukue shilingi 25,000 kwa viwango vya 2025. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,500. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 687.50. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 375. Jumla ni 2,562.50, unabaki na 22,437.50. Kodi ya mapato kwa kiwango hicho inamezwa na nafuu ya shilingi 2,400 ambayo kila mlipa kodi hupewa kwa mwezi, kwa hiyo PAYE ni sufuri.

Komisheni nayo ni mapato. Kwa viwango hivyo, sehemu ya mapato inayozidi 24,000 baada ya makato hayo matatu hutozwa kuanzia asilimia 25. Kwa hiyo usiende kukopa ukitegemea kila shilingi ya komisheni uliyoipigia hesabu kwenye karatasi. Una haki ya kupewa hati ya malipo inayoonyesha kila kato. Iombe kila mwezi, hata mwezi ambao unaona hesabu iko sawa.

Komisheni inaanza lini?

Mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza mauzo ya ruti yanahesabiwa kwa mwenyeji wako. Najua inauma, hasa kama duka ulilolibembeleza wewe ndilo lililochukua katoni kumi. Lakini tulipojaribu kuwagawia nusu kwa nusu, wenyeji waliacha kufundisha wakaanza kushindana na wanafunzi wao mbele ya mteja.

Pesa ikipungua jioni nitakatwa?

Inategemea imepotea vipi. Sheria inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Mkataba wa wauzaji wanaouza kutoka kwenye gari unasema hivyo. Wa wale wanaoandika oda tu hausemi, kwa sababu hawashiki pesa. Hasara ya mali hukatwa kama umeisababisha kwa makusudi. Katoni iliyolowa kwa sababu turubai la gari lilikuwa na tundu si deni lako, ilimradi uliripoti tundu hilo.

Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara wako. Na kabla hatujakata lolote, unaitwa, hesabu inafunguliwa mezani, nawe unasema upande wako.

Nimesikia kuna tozo ya mafunzo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Nalipa mimi?

La. Ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mlipaji ni mwajiri. Ukiiona kwenye hati yako ya malipo, uliza.

## Siku tatu za ndani

Lazima nikariri bei zote?

Hapana, orodha ya bei utakuwa nayo mkononi na hubadilika. Kariri vipimo. Beli la unga wa mahindi ni pakiti 12 za kilo mbili, yaani kilo 24. Katoni ya sabuni ina vipande vingapi, inategemea aina, na hapo ndipo watu hujikwaa: mteja anasema "nipe mbili" akimaanisha dazeni mbili, wewe unaandika katoni mbili. Rudia oda kwa sauti kabla ya kuandika.

Kwa nini siku nzima ya hesabu? Mimi nilifaulu shule.

Kwa sababu makosa ni yale yale mawili kila mwaka.

La kwanza ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Bei ya 1,160 ikiwa tayari ina VAT ya asilimia 16, VAT iliyomo ni ngapi? Nusu ya darasa hupiga 1,160 mara asilimia 16, wanapata 185.60. Sivyo. Unagawanya kwa 1.16, unapata 1,000, na VAT ni 160. Tofauti ya shilingi 25.60 kwa katoni inaonekana ndogo, mpaka uwe umeandika katoni mia.

La pili ni faida ya mwenye duka. Katoni ya vipande 24 anainunua 1,200, kila kipande 50, anakiuza 60. Wewe utasema faida ni asilimia 20. Mhasibu wake atasema ni asilimia 16.67, kwa sababu yeye anagawanya kumi kwa bei ya kuuza. Wote mna haki, lakini mkibishana kwa asilimia mtakesha. Ongea kwa shilingi: kumi kwa kipande, 240 kwa katoni.

Halafu ongeza siku. Bidhaa hiyo ikitoka vipande sita kwa siku, katoni inaisha kwa siku nne, na kwa siku thelathini amepata 1,800. Bidhaa nyingine yenye faida ya 15 kwa kipande lakini katoni yake inakaa mwezi mzima imempa 360 tu. Mwenye duka anaijua hesabu hii kichwani kuliko mimi na wewe. Ukiifanya mbele yake kwa kalamu, atakusogezea kiti.

## Nyanjani

Ziara ya duka inaendaje hasa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Maduka mengi ya mtaani, iwe Manyatta Kisumu au London kule Nakuru, yana wavu wa chuma mbele. Hutaingia ndani. Utasimama nje na mtoto aliyetumwa mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, na mama anayetafuta chenji ya mia mbili. Hao ndio wanaomweka mwenye duka mjini. Waache wahudumiwe kwanza. Muuzaji anayepiga kelele juu ya kichwa cha mtoto akisema "mimi ni wa kampuni" amejifukuzisha mwenyewe.

Ukisubiri, usiangalie simu. Angalia rafu. Ni nini kiko usawa wa macho? Bidhaa zetu ziko wapi, na mbele yake pamewekwa nini? Kuna vumbi juu ya pakiti? Vumbi ni saa: linakuambia kitu kimekaa muda gani bila kuguswa. Niliwahi kumwonyesha mwanafunzi mmoja pakiti za sabuni zilizopangwa vizuri sana, mstari umenyooka kama gwaride, akafurahi kwamba duka lina stoki nzuri. Nikamwambia aangalie tena. Mstari haujavunjika kwa sababu hakuna aliyenunua. Aina ya jirani yake ilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka sita. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoka.

Watu wakipungua, salimia. Jina la duka unalo kwenye daftari la ruti, jina la mwenyewe ulipate kwa mwenyeji. Uliza habari ya biashara na usikilize jibu, kwani jibu la "tunasukuma tu" na jibu la "si mbaya" hayaagizi kiasi kimoja. Omba ruhusa ya kuhesabu stoki. Hesabu. Angalia tarehe za mwisho wa matumizi, za zamani zije mbele. Kisha pendekeza oda kutokana na kilichotoka tangu ziara iliyopita, bila kuangalia tageti yako, yaani kiwango cha mauzo ulichopangiwa. Andika, rudia kwa sauti, aga, na umwambie siku utakayorudi.

Na siku hiyo urudi.

Nilifika duka la kwanza nikafokewa kwa kosa la muuzaji aliyenitangulia. Nifanye nini?

Pokea. Usiseme "huyo si mimi", ingawa ni kweli. Kwa mwenye duka, wewe ndiye kampuni, na kampuni ilimwachia katoni ya biskuti zilizovunjika ikaahidi kuzibadilisha, na sasa ni miezi minne. Muulize ilikuwa siku gani, ana risiti, ni bidhaa gani. Yaandike mbele yake. Usiahidi kubadilisha siku hiyo. Ahidi kumpigia simu siku fulani, hata kama siku hiyo utakuwa na jibu la "bado".

Karibu kila ruti tunayompa mtu mpya ina kaburi la namna hii. Ndiyo maana ruti iko wazi. Siku ya pili ya kutembea na mwenyeji nitakutuma makusudi kwenye duka lenye malalamiko, si kwa kukutesa. Nataka ujue sauti yako ikoje ukifokewa kabla hujawa peke yako.

Nimepangiwa eneo ambalo sijui lugha yake. Kiswahili kitatosha?

Kwa kazi, kinatosha. Kwa salamu, ongeza kidogo. "Oyawore" asubuhi kwa Mjaluo, "mulembe" kwa Mluhya, "chamgei" kwa Mkalenjin. Ukikosea matamshi watacheka, na duka linalocheka linanunua. Ila ukishasalimia, rudi kwenye Kiswahili. Usijifanye mwenyeji wa mahali kwa neno moja, na siasa za ukoo wa mtu usiziguse kabisa.

Ruti ipi ni ngumu?

Kila moja ina msimu wake mbaya, na tageti ya mwaka isiyojua misimu hiyo inaumiza watu bure. Ukipewa fukwe za Bondo na Usenge, kumbuka kwamba uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai. Miezi hiyo pesa hukauka ufukweni, na maduka huagiza kwa dazeni badala ya katoni. Kitale na Trans Nzoia husubiri mahindi yavunwe mwishoni mwa mwaka. Njoro hupumua Chuo Kikuu cha Egerton kikifunguliwa, hulala kikifungwa. Maseno vivyo hivyo na chuo chake. Januari ni ya karo, kila mahali.

Busia na Malaba ni habari nyingine. Bidhaa za ng'ambo ya mpaka ziko hatua chache, na bei zake hupanda na kushuka kufuatana na shilingi ya Uganda. Mwenye duka atakuonyesha pakiti ya upande wa pili na bei yake. Usiitukane. Iandike bei hiyo, tunaihitaji ofisini.

Kibuye, Kisumu, siku kuu ya soko ni Jumapili. Wauzaji wa ruti hiyo hufanya kazi Jumapili na kupumzika siku nyingine ya wiki. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba ni haki yako kisheria.

Mwisho wa mwezi nimebakisha kidogo kufikia tageti. Naweza kumwomba mteja achukue zaidi, nitamsaidia baadaye?

Unaweza, na kila muuzaji amewahi. Ila jua unachofanya. Unakopa mauzo ya mwezi ujao. Tarehe tano utarudi duka lile lile ukikuta limejaa, tageti mpya imeanza, na mteja anakuuliza ule msaada uko wapi. Mimi ningependa ukose kwa asilimia tano uniambie kwa nini. Wakuu wangu hawapendi sana nikisema hivi.

## Pesa na karatasi

Mteja amenionyesha ujumbe wa M-Pesa. Nimwachie mzigo?

Hapana, mpaka uthibitishe kwenye simu ya till ya kampuni au kwa kupiga simu ofisini. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si ushahidi wa chochote.

Nitakuambia nilivyojifunza. Nilikuwa bado kijana wa gari, kwa mwajiri mwingine, tukishusha mizigo pembeni mwa Nakuru jioni mvua ikianza. Mteja akaniinulia simu kupitia wavu: 8,400, jina la biashara sawasawa, saa sawasawa. Tanboi, msaidizi wa dereva, alikuwa ameshaweka katoni ndani. Nikasema asante mzee, tukaondoka. Ofisini usiku ule pesa haikuwepo. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwa mkono na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Juu hapakuwa na neno MPESA, palikuwa na namba ya simu, na mimi sikuangalia juu. Nilirudi asubuhi. Duka lilikuwa limefungwa, na jirani akaniambia walikuwa wamepanga kwa miezi miwili tu. Nililipa kwa awamu tatu, kila moja 2,800.

Kwa hiyo mzigo unabaki kwenye gari hadi till iseme. Mteja mwema hatakasirika kwa dakika mbili. Kuhusu nani hubeba hasara ya namna hiyo hapa kwetu, soma jibu la "Pesa ikipungua jioni nitakatwa?".

Mteja hataki ankara ya eTIMS (ankara ya kielektroniki ya KRA), anasema hataki KRA dukani kwake. Nimuuzie bila?

Hapana. Ankara inatolewa kwa upande wetu kama wauzaji, atake asitake. Ila mweleze faida yake: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi KRA wakati wa kukokotoa kodi ya biashara. Mwenye duka kubwa atakuomba mwenyewe, na atataka PIN yake iwemo. Hakikisha umeiandika sawa, maana herufi moja ikikosewa ankara hiyo haimsaidii.

Naweza kutoa mali kwa kauli?

Si wewe unayeamua. Mteja mwenye kikomo cha mkopo ameorodheshwa kwenye daftari la ruti, na kiasi chake kimeandikwa. Asiye na kikomo ni pesa taslimu au till. Wateja wanajua mtu mpya hajui, na wiki ya kwanza utaambiwa mara nyingi "yule wa kwanza alikuwa ananiachia". Jibu ni moja: "Nitauliza ofisini." Halafu uulize kweli.

Kumwachia mteja mzigo ukimlipia kutoka mfukoni mwako kumewatoa kazini watu wengi kuliko wizi. Huanza na 500 ya huruma.

Mteja anasema bidhaa yetu ni feki.

Usibishane. Chukua pakiti, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na namba ya kibali chini yake. Mwambie atume ujumbe SM#, kisha namba hiyo, kwenda 20023. Atajibiwa ni bidhaa gani na ya nani. Jibu likikubaliana na pakiti, umemaliza. Lisipokubaliana, inunue hiyo pakiti, chukua risiti, ilete ofisini siku hiyo hiyo. Usimtuhumu mwenye duka, huenda naye aliuziwa.

## Mambo yanayotokea pembeni

Mteja ananitongoza kila nikienda, na ndiye mteja mkubwa wa ruti. Nivumilie?

Usivumilie. Hili huulizwa na akina dada kwa kunong'ona, na mara chache na vijana wa kiume pia. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Yetu iko kwenye ukurasa wa kumi na moja wa kijitabu ulichopewa, na inahusu wateja pia. Niambie mimi, au afisa wa rasilimali watu, yeyote unayemwona rahisi. Ruti itapewa mtu mwingine na tageti yako itarekebishwa ili usipoteze komisheni. Tumewahi kumwacha mteja mkubwa. Mauzo yalishuka robo moja ya mwaka, kisha yakarudi.

Nikianguka na bodaboda nikiwa kazini?

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inakulinda, mradi ulikuwa kazini. Toa taarifa mara moja, hata kama ni mchubuko, maana goti la leo linaweza kuvimba Ijumaa. Weka karatasi zote za hospitali. Na uvae helmeti. Usipande boda wawili na katoni katikati hata mwenyeji wako akisema ndivyo wanavyofanya.

Kanjo (askari wa kaunti) wamesimamisha gari na wanataka "kitu kidogo".

Toa vibali vilivyo kwenye faili la gari, mpigie supavaiza, subiri. Ukichelewa kwa sababu hiyo hutaulizwa juu ya ziara ulizokosa. Ukitoa hongo kutoka pesa ya mauzo, huo ni upungufu wa pesa kama mwingine wowote.

Naweza kupiga picha maduka na kuhifadhi namba za wateja kwenye simu yangu?

Picha za rafu ndiyo, ukiomba ruhusa, na uso wa mtu usiingie. Namba za wateja zikae kwenye programu ya kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana hapo, na zaidi ya sheria, mama mwenye duka alikupa namba kwa ajili ya sukari, hakukupa umwingize kwenye kundi la chama chako.

Nimegundua mwenyeji wangu anapandisha bei na kuweka tofauti mfukoni. Niseme?

Ndiyo, kwangu, ana kwa ana, si kwenye kundi la WhatsApp. Njoo na duka, tarehe na bei. Usije na hisia tu. Nitakubadilishia mwenyeji kwa sababu nyingine ya kawaida ili asijue kwamba ni wewe, kisha tutalinganisha ankara na wateja kadhaa. Imewahi kuwa kweli. Pia imewahi kuwa kijana mgeni aliyesoma orodha ya bei ya mwezi uliopita.

Nikiona kazi hii si yangu kabla wiki mbili hazijaisha?

Niambie asubuhi kabla gari halijatoka. Notisi ni ile ya siku saba iliyotajwa kwenye swali la kipindi cha majaribio, na siku ulizofanya unalipwa. Rudisha sare, daftari la ruti na laini ya kampuni. Wawili waliowahi kuondoka hivyo waliomba kurudi baada ya miezi michache, na mmoja sasa ana ruti ya Luanda, Vihiga.